Mwongozo wa Promota Anayevuka Gairo

Ndugu promota, umeamua kutoa shoo nje ya Dar es Salaam na nakupongeza kwa moyo wote, maana wenzako wengi wakifika Morogoro hujiona wamemaliza mikoa. Ukivuka Gairo unaingia kanda ya kati, nchi ya upepo, vumbi, zabibu na alizeti, yenye watu wenye masikio. Hilo la masikio lishike kuliko yote. Karibu kila shoo iliyoharibika huku iliharibika kwa sababu mwandaaji alidhani watu wa mji mdogo watapokea chochote: msanii wa dakika kumi, spika zinazokoroma, tangazo lenye picha za wasanii sita na jukwaa lenye wasanii wawili. Watu wa Dodoma, Kondoa, Manyoni na Singida wanajua shoo nzuri. Mwongozo huu unakusaidia kuwaletea hiyo, na kurudi Dar ukiwa na viatu vyote viwili.

Kabla hujafungua daftari la bajeti, jifunze unakokwenda. Mkoa wa Dodoma peke yake, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 3, na Singida una zaidi ya milioni 2. Dodoma ni jiji tangu 2018. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kimekuwepo tangu 2007. Bunge liko hapa, wizara ziko Mtumba, mji wa serikali. Hata wasanii wa muziki wa kizazi kipya wameishi hapa kwa kazi nyingine: Sugu na Profesa Jay waliketi bungeni, na Mwana FA, aliyechaguliwa Muheza mwaka 2020, mwaka 2023 aliteuliwa naibu waziri wa wizara inayosimamia sanaa. Kwa hiyo usipande jukwaani ukatangaza kwamba umewaletea watu wa huku burudani kwa mara ya kwanza. Watakuangalia kwa huruma.

Kisha jua kwamba muziki wenyewe ulikuwepo kabla yako. Hukwe Zawose alizaliwa Doduma, kijiji cha Wagogo cha mkoa wa Dodoma. Mwalimu Nyerere alimleta Dar es Salaam, baadaye akawa mwalimu na msanii Bagamoyo, na kutoka hapo vyombo vyake, ilimba na zeze, vikasafiri dunia nzima, kwenye matamasha ya WOMAD na katika rekodi za Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Alifariki mwaka 2003. Mwaka 2024 bintiye Pendo na mjukuu wake Leah, wakijiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao, Maisha, katika kampuni hiyohiyo. Watu wa Uingereza wamelipa tiketi kusikiliza muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, kwa miaka mingi. Sasa wewe unakuja nyumbani kwa muziki huo na orodha ya wasanii ambayo haina hata kikundi kimoja cha hapa. Rekebisha orodha hiyo leo, kabla hujachapisha bango.

Mahali pa kujifunza ni Chamwino. Tangu 2009 limekuwa likifanyika pale Tamasha la Muziki wa Cigogo, lililoanzishwa na Dk. Kedmon Mapana, mwana wa Wilaya hiyohiyo, aliyekuwa akifundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye akateuliwa Katibu Mtendaji wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Vikundi vinatoka vijijini na ngoma zao, kila kimoja na mavazi yake na majigambo yake. Nenda ukakae chini, usikilize. Sikiliza wanawake wanaopiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa katikati ya mapaja, mikono ikienda kasi ambayo mpiga dramu wako wa studio ataomba asimame karibu aangalie. Sikiliza kwaya zinazopanga sauti nne, tano, bila kinanda cha kuwapa ufunguo. Ukitoka hapo utakuwa umejua hadhira yako imelelewa na nini, na hutathubutu kuwapigia shoo ya kufungulia CD.

Sasa kalenda. Promota wa Dar hupanga tarehe kwa kuangalia lini msanii ana nafasi. Huku angalia mvua, mavuno, mshahara, boom (fedha ya mkopo wa wanafunzi) na mwezi mwandamo.

Mvua za kanda ya kati ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo mkulima yuko shambani, barabara za vijijini zina tope, na fedha yote imeingia kwenye mbegu. Ukimpelekea shoo Januari unamkuta amechoka na hana kitu. Subiri. Kuanzia Mei hadi Agosti mtama, uwele, karanga na alizeti vinavunwa na kuuzwa; Kibaigwa, kwenye soko kubwa la mahindi, malori yanapakia na shilingi zinabadilishana mikono. Hiyo ndiyo miezi yako. Ndiyo pia miezi ambayo wazee wa Kigogo wamekuwa wakicheza ngoma zao tangu zamani, baada ya mavuno. Hawakuhitaji mshauri wa masoko kuwaambia hivyo.

Ila chukua koti. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai upepo unapuliza kwa bidii. Msanii wako aliyezoea joto la Kinondoni, akipanda jukwaani kifua wazi saa tano usiku, sauti itamtetemeka hadi watu wadhani ni mtindo mpya. Mpangie chai ya tangawizi nyuma ya jukwaa. Hadhira nayo ipangie mahali pa kujikinga, na muuza kahawa ya moto mpe nafasi nzuri kuliko muuza bia baridi.

Mjini Dodoma angalia kalenda nyingine. Watumishi wa serikali hupata mshahara mwishoni mwa mwezi. Shoo ya tarehe 15 ni shoo ya watu wanaosalimiana nje ya geti. Wanafunzi nao wana siku chache tamu baada ya boom kuingia. Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, linajaza mji na kupandisha bei za vyumba, kwa hiyo weka oda ya gesti mapema au bendi yako italala ndani ya kosta. Na tangu 2024, treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma, Ijumaa jioni watumishi wengi hupanda kurudi kwa familia zao Dar. Ninakushauri ujaribu Alhamisi, wakiwa bado wako mjini na wamechoshwa na kukaa peke yao chumbani. Au igeuze treni iwe yako: iwapo kutoka Dar ni saa tatu na ushei, na shoo yako ni nzuri kweli, ziko familia zitakazomfuata baba huku badala ya baba kuzifuata kule.

Kondoa usiende Ramadhani. Nenda Idi. Idi mosi na Idi pili Kondoa watu wamevaa vizuri, watoto wana hela za sikukuu, na shoo ya mchana ya heshima, yenye taarabu au kaswida kabla ya vijana kupanda, itajaza uwanja. Dodoma mjini na Mpwapwa heshimu Kwaresima, kisha uje na muziki wa injili Pasaka. Injili huku ina mizizi: Rose Muhando alianzia kuimba katika kwaya ya Kianglikana hapahapa Dodoma kabla ya Afrika Mashariki nzima kumjua.

Tukifika kwenye hesabu, naomba utulie, maana hapa ndipo mapromota wanapolia. Tuseme unakwenda Kibaigwa. Unaweka kiingilio shilingi 5,000, na watu 1,000 wanalipa kweli. Umepata milioni 5. Kukodi mziki na jenereta, tuseme milioni 1.5. Usafiri na malazi, laki 8. Vibali, ulinzi na matangazo, laki 7. Wasanii wa hapa, laki 6. Imebaki milioni 1 na laki 4, na bado hujamlipa msanii uliyemweka kwenye bango kwa herufi kubwa. Akikutajia milioni 10 usikasirike. Hiyo ndiyo bei yake ya mjini, na ana watu wa kulipa. Kosa litakuwa lako ukikubali, ukampa advansi, halafu ukatarajia wakulima wa Kibaigwa wajaze pengo kwa tiketi ya 20,000.

Njia ni kufunga safari moja yenye vituo. Tazama ramani: Dodoma ni njia panda. Mashariki barabara inakwenda Kibaigwa, Gairo na Morogoro. Magharibi Bahi, Manyoni, Singida. Kaskazini Kondoa hadi Babati na Arusha. Kusini Mtera hadi Iringa, na zote ni lami. Msanii huyohuyo, mitambo hiyohiyo, lori lilelile: Alhamisi Dodoma, Ijumaa Kibaigwa, Jumamosi Manyoni, Jumapili bonanza la mchana Singida. Dodoma mjini unaweza kuweka kiingilio kikubwa zaidi na ukapata watu wengi zaidi, na Dodoma ndiyo itakayoibeba Kibaigwa na Manyoni mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu huenda mambo yakawa kinyume.

Fomula ya kuzunguka mikoani si ngeni. Fiesta ya Clouds, enzi za Ruge Mutahaba, iliwafanya vijana wa mikoani waamini kwamba msanii wanayemsikia redioni anaweza kusimama mbele yao kwa miguu yake. Wasafi Festival ilipoanza 2018 ilianzia Mtwara, si Dar. Hayo ni mambo ya kuheshimu. Lakini matamasha hayo yalibebwa na vyombo vya habari na wadhamini wakubwa, nawe huna televisheni. Wewe una lori moja. Shoo yako iwe ya watu elfu moja wanaosikia kila neno, na msanii aimbe saa nzima.

Aimbe kweli, tafadhali. Sauti za Busara kule Zanzibar imesimama tangu 2004 kwa sharti moja gumu, kwamba jukwaani ni muziki wa laivu tu, na wageni wanavuka bahari kuufuata. Ukiniambia bendi ni ghali kusafirisha, nitakuambia usiisafirishe. Dodoma ina makanisa yaliyojaa wapiga besi, wapiga vinanda na wapiga dramu waliofundwa kwa miaka, ambao hushika wimbo mpya kwa kusikia mara mbili. Watumie nyimbo wiki mbili kabla, walipie mazoezi, waulize nyimbo zipi dhamiri zao hazitawaruhusu kupiga, kisha waheshimu jibu. Utapata bendi itakayomshangaza msanii wako mwenyewe.

Tukumbuke pia muziki wa nchi hii haukuzaliwa wote Dar. Salum Abdallah na Cuban Marimba walikuwa Morogoro. Mbaraka Mwinshehe alivuma na Morogoro Jazz. Tabora Jazz walikuwa Tabora. Reli ya kati ilikuwa na dansi lake kila kituo kikubwa. Bendi zile zilikuwa na mahali pa kupigia kila wiki, nyumbani kwao, mbele ya watu wanaowajua kwa majina. Hicho ndicho ninachotaka kirudi, na ndiyo maana suala la wasanii wa hapa silifanyii mzaha.

Wasanii wa hapa wapo: wana hip hop wa Dodoma, ambao Moni Centrozone aliwafungulia mlango kwa kubeba jina la kanda hadi redio za Dar, vijana wa singeli wa Chang'ombe na Majengo za hapa Dodoma, vikundi vya ngoma, kwaya. Desturi mbaya ni kuwapandisha saa kumi na mbili jioni, uwanja mtupu, fundi mitambo bado anajaribu maiki, halafu kuwaambia malipo yao ni "kujulikana". Wanajulikana tayari. Wanajulikana na mama lishe wanaowadai. Wape mkataba ulioandikwa, hata wa ukurasa mmoja. Walipe kabla ya kupanda. Waweke saa tatu usiku, katikati, hadhira ikiwa imejaa na imechangamka, kisha muombe msanii mkubwa aimbe wimbo mmoja nao. Kijana wa Ipagala akiimba na msanii huyo mbele ya shangazi zake, mwaka ujao ukoo mzima utanunua tiketi.

Na kikundi cha Cigogo usikiite kije kumpokea mgeni rasmi, kicheze dakika tano kwenye jua, kisha kipewe soda. Kiweke kwenye orodha ya usiku kama msanii mwingine yeyote, na jina la kikundi lichapwe kwenye bango kwa herufi zinazosomeka.

Fundi mitambo wako naye ana somo lake. Ilimba ina sauti ndogo. Vibao vyake vya chuma hupigwa kwa vidole, na kwenye tundu la kisanduku chake hubandikwa utando wa buibui, unaotetema na kutoa mvumo unaokwaruza kidogo. Fundi wa mjini akiusikia mvumo ule hudhani waya umeharibika, akazunguka na koleo, kisha akaukata kwenye mikisa. Mvumo ule ndio ilimba yenyewe. Mwambie auache. Asogeze maiki karibu na tundu, azime spika zinazorudisha sauti kuelekea jukwaani, na awaombe watu wanyamaze dakika moja. Watanyamaza. Muheme nao hautaki maiki kubwa; maiki mbili juu zinatosha, nafasi iachwe pana, maana wanawake wale hawakusimama pale kama masanamu. Na kila kifaa kifunikwe kitambaa mchana kutwa, kwa sababu vumbi la Dodoma huingia mpaka mahali ambapo mtengenezaji mwenyewe hakujua pana uwazi.

Vibali nitavipitia haraka, kwani vina ofisi zake na watu wake: jisajili na uchukue kibali BASATA, muone Afisa Utamaduni wa Wilaya mapema na kwa adabu, lipia leseni ya hakimiliki kwa ajili ya nyimbo zitakazopigwa, pata ruhusa ya polisi, ujue mipaka ya kelele na saa ya kufunga. Anza mwezi mmoja kabla. Atakayekuambia kibali kitamalizwa kwa simu siku ya shoo, mshukuru, kisha uende mwenyewe ofisini.

Matangazo usiyaache mtandaoni peke yake. Dodoma FM inasikilizwa na mama aliye jikoni na bodaboda aliye kijiweni. Gari la matangazo lipite mnada wa Msalato Jumamosi, pale ng'ombe na mbuzi wanapouzwa na nyama inapochomwa, kwa sababu aliyeuza ng'ombe asubuhi ana fedha ya tiketi mchana. Tangaza wasanii uliowalipa advansi tu. Ukimtaja msanii ambaye hata hajapokea simu yako, na watu wakagundua saa sita usiku, utajua kwa nini huku kuna mawe mengi.

MC wako afundishwe kusalimia. Kibaigwa na Dodoma aseme "Mbukwenyi!" na uwanja utamjibu kwa furaha. Akifika Kondoa kwa Warangi au Singida kwa Wanyaturu na kurudia salamu hiyohiyo, amewaita wenyeji kwa jina la jirani. Amuulize dereva wa bajaji asubuhi.

Usiku wenyewe una mambo madogo ambayo wanawake huyaona na mapromota huyasahau: vyoo vyenye maji na taa, baunsa wa kike getini, njia ya kutokea inayojulikana, na usafiri wa kurudi. Mwanafunzi wa UDOM anayekaa Ng'ong'ona hatakuja kwenye shoo inayokwisha saa nane usiku ikiwa hajui atarudije. Kodi daladala mbili, andika kwenye bango zinaondoka saa ngapi, na utauza tiketi ambazo ungezikosa. Afadhali zaidi, anza shoo kwa wakati. Ukiandika saa moja, spika ziseme saa moja. Watu wa huku huamka mapema.

Na kabla hujafunga mitambo, ungali jukwaani, tangaza tarehe ya kurudi. Kikundi kinachojua kitapiga tena Agosti kitafanya mazoezi Machi. Muuza chipsi atanunua meza ya pili. Hapo ndipo muziki unapoanza kukaa.

Limebaki neno moja, nalo si la promota. Ni lako wewe uliyeko Dodoma, hasa wewe mwenye cheo. Shoo nyingi za mji huu zinauawa na kadi za bure. Mheshimiwa anataka kiti cha mbele na nafasi nne za familia; mkurugenzi anatuma dereva akachukue bahasha; rafiki wa afisa anapita geti kwa kutaja jina. Viti bora vyote vimejaa watu ambao hawajatoa senti, huku aliyelipa 5,000 akisimama nyuma na mwanawe begani. Kijana anayepiga zeze analipwa kutoka kwenye tiketi ile. Ukipata tangazo la shoo mwaka huu, nunua tiketi yako mapema, fika kwa wakati, na ukifika getini usijitambulishe. Toa hela, uingie.